Kipupwe cha Mbeya na watoto: kuishi na kutembea kwa kufuata jua

Mwaka wetu wa kwanza Mbeya, Juni na Julai yote niliimalizia ndani ya nyumba. Tulihamia mwezi wa nne kutoka Tanga, mume wangu alipopata uhamisho, na baridi ilipoanza nilifanya kama mtu wa pwani aliyenyeshewa: nikajifungia. Madirisha sikufungua, watoto nikawakataza kutoka, jiko la mkaa nikaliingiza chumbani. Mafua yalizunguka kwa watoto wote watatu hadi Agosti. Jirani yetu, bibi wa Kinyakyusa aliyekulia Rungwe, alikuwa akipita kila saa 4 asubuhi, ananisalimu "Ugonile" na kunikuta mapazia bado yamefungwa. Siku moja akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, hapa nje kuna joto kuliko humo ndani. Watoe hao watoto."

Alikuwa sahihi kabisa. Nyumba ya matofali ya saruji ikishapoa usiku hukaa na ubaridi wake hadi mchana, wakati uani jua limeshawaka. Tangu siku ile tunaishi kipupwe kwa kulifuata jua, na haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya familia zinazohamia Mbeya, Tukuyu, Njombe au Makete na watoto wadogo, hasa zile zinazotoka kwenye joto.

Kwanza, zijue saa za baridi

Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 au zaidi kidogo, hivyo tofauti ya nyuzi 10 kati ya huku na Tanga ni ya kila siku, hata bila kipupwe. Kuanzia Juni yanaongezeka mambo mawili: upepo wa kusi, na anga lisilo na mawingu usiku. Mawingu hufanya kazi ya blanketi. Yasipokuwepo, joto lote ambalo ardhi ililivuna mchana hupaa na kupotea. Ndiyo maana alfajiri kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete na juu ya milima ya Uporoto nyasi huamka zimeganda weupe, lakini saa 8 mchana ya siku hiyohiyo ni nyuzi 20 na ushee na vijana wanatembea na fulana.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni halioni upesi. Mbeya iko mbali magharibi lakini saa zake ni zilezile za Dar es Salaam. Mwezi Juni jua la huku huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi. Mtoto anayeamshwa saa 11 alfajiri kujiandaa na shule anatolewa kitandani kwenye baridi kali kuliko zote za siku, na gizani. Ukilijua hilo hutamlaumu kwa kugoma kutoka kwenye blanketi.

Kwa hiyo gawanya siku hivi kichwani mwako: saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri ni saa za nje. Baada ya hapo jua likianza kulala, kila mtu aongeze nguo, hata kama anasema hasikii baridi.

Nguo: nyembamba nyingi, siyo nene moja

Kosa la wengi ni kununua koti moja zito. Mtoto akilivaa saa 12 asubuhi linamfaa. Saa 6 mchana amelowa jasho. Saa 11 jioni jasho lile linageuka baridi mwilini. Mvishe fulana ya pamba inayobana kidogo, juu yake sweta, juu yake jaketi jepesi la kuzuia upepo. Anavua moja moja jua linavyopanda, anarudisha moja moja linavyoshuka. Kwa wa shule, fulana ya ndani chini ya shati la sare ndiyo inayomsaidia zaidi, maana sweta la sare mara nyingi ni jepesi.

Nenda Mwanjelwa kwenye mitumba mwezi wa nne au wa tano, kabla mji mzima haujakumbuka masweta. Angalia zipu na mikono, maana mkono mfupi unaacha kiganja nje. Mzula na soksi mbilimbili nunua bila kusita. Usiku, kichwa na miguu vikiwa na joto, mwili uliobaki unatulia.

Mtoto mchanga abebwe mgongoni au kifuani, kitenge ndani na blanketi juu. Joto la mama linamtosha sana. Usimfunike uso. Kujua kama amezidishiwa nguo, pitisha mkono nyuma ya shingo yake: pakiwa na jasho, punguza. Mikono yake kuwa ya baridi peke yake haina maana kwamba mwili wote umepoa.

Hewa ya miezi hii ni kavu na vumbi ni jingi. Midomo hupasuka, mashavu hukauka. Mafuta ya mgando asubuhi kabla ya kutoka na usiku kabla ya kulala, basi.

Badilisha ratiba ya nyumba

Kuogesha watoto jioni ni mazoea ya pwani, huku yaache. Siku ambazo hawaendi shule waogeshe saa 7 au 8 mchana, kwa maji ya moto, na wakikauka watoke wakaote jua. Siku za shule, asubuhi uso, mikono na miguu vinatosha. Waoge mara warudipo, kabla ya saa 10.

Saa 4 fungua madirisha yote, hata kama moyo unakataa. Mafua huletwa na virusi, na virusi hupenda chumba kilichofungwa chenye watu wanaokohoa pamoja. Nilipoanza kufungua madirisha, kuambukizana kulipungua nyumbani kwangu kuliko kwa dawa yoyote niliyowahi kununua. Wakati huohuo toa mablanketi na magodoro juani. Blanketi lililoanikwa likaingizwa ndani saa 9, kabla halijapoa, ni zawadi kwa atakayelilalia.

Kazi za shule zifanyiwe uani, kwenye mkeka. Chakula cha jioni kiwe tayari saa 12, saa 2 watoto wawe kitandani. Mtoto anayekaa sebuleni hadi saa 4 usiku kwenye sakafu ya saruji ndiye anayeamka na kikohozi.

Kunywa maji husahaulika kabisa wakati wa baridi, kwa kuwa kiu haiji. Mimi huweka maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai mezani, na kila anayepita anakunywa kikombe. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga au maziwa, na parachichi, ambalo Rungwe hulitoa kwa wingi. Jioni viazi vya Isongole na njegere, au maharage. Chakula kizito cha moto kabla ya kulala si anasa kwa mtoto katika miezi hii. Mwili unakitumia kutengeneza joto usiku kucha.

Usiku: jiko la mkaa lisiingie chumbani

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu hili linaua.

Mwaka ule wa kwanza niliingiza jiko chumbani kwa watoto baada ya kupika, mkaa ukiwa umeshakuwa mwekundu na hauna moshi. Niliamini kwamba pasipo moshi hapana hatari. Usiku wa manane mwanangu wa kwanza aliamka akilia kichwa, akatapika. Na mimi niliposimama miguu ilikuwa mizito, ukuta unazunguka. Mume wangu alifungua mlango na madirisha, tukawatoa watoto uani wakiwa wamefunikwa mablanketi, tukakaa nje hadi kulipopambazuka. Mungu alituhurumia. Kungekuwa na usingizi mzito zaidi nisingekuwa naandika haya.

Mkaa unaoungua taratibu, hata ule usio na moshi, hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni, na mtu analegea, anasinzia, hana habari kwamba anakufa. Dirisha la upenyo mdogo halitoshi. Kulitoa jiko "baadaye kidogo" hakutoshi, kwa kuwa usingizi wenyewe ndiyo dalili. Kichwa kikiuma watu wawili au watatu kwa pamoja chumbani palipo na moto, tokeni nje kwanza, kisha mwende hospitali hata kama mnajisikia nafuu.

Fanya hivi badala yake. Nusu saa kabla ya kulala, jaza maji ya moto, yasiyochemka, kwenye mfuko wa mpira wa maji ya moto au chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza, uifunge kwa taulo, uiweke katikati ya kitanda. Mtoto akipanda, itoe. Kitanda kimeshapata joto. Tandika blanketi moja chini ya shuka pia, kwa maana baridi nyingi hupandia chini, kupitia godoro jembamba. Ziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa, lakini matundu ya hewa ya juu ya dirisha yaache wazi. Watoto wakubwa kidogo walale wawili wawili.

Matembezi: angalia urefu wa mahali kabla ya kuangalia umbali

Likizo ya Juni inaangukia katikati ya kipupwe, na watoto watataka kutoka. Wakati wa kuchagua mahali, swali langu la kwanza ni: tunapanda au tunashuka? Mkishuka mnaifuata hewa ya joto. Mkipanda, mwende na jua na mrudi nalo.

Kwa kuanzia, nendeni *Kimondo cha Mbozi*. Mnashika barabara ya Tunduma na kuingia mkoa wa Songwe, halafu mnachepuka kwenda kijiji cha Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi. Ni jiwe la chuma lililotoka angani, urefu wa mita 3 hivi, uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Sehemu kubwa yake ni chuma, na nikeli kidogo. Wakazi walilijua zamani. Taarifa zake zilifika nje mwaka 1930. Mahali ni pa wazi, jua linapiga vizuri, hakuna kupanda mlima, na hata bibi wa miaka sabini anafika. Waache watoto waweke viganja juu yake mkifika asubuhi, kisha warudie mkikaribia kuondoka jua likiwa kali. Wangu walishangaa jinsi chuma kilivyobadilika, wakauliza maswali njia nzima.

Njia hiyohiyo, kabla ya Mbozi, mnaweza kuingia bonde la Mto Songwe kwenye *majimoto*. Mvuke wake asubuhi ya baridi unavutia sana, na ndipo hatari ilipo: maji ya kwenye chemchemi yenyewe yanaunguza. Kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima wake, na kugusa maji iwe pale tu mwenyeji anapowaonyesha.

Kwa upande wa Rungwe, *Daraja la Mungu* ni safari ya siku moja isiyochosha. Lava ya volkano za huko ilipoa ikawa mwamba, na Mto Kiwira ukapata njia chini yake, ukabaki upinde wa jiwe juu ya maji. Karibu na hapo kuna *Kijungu*, mahali ambapo mto mzima unatumbukia kwenye shimo la mwamba kama chungu. Kijungu kiko ndani ya eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo mnapitia getini. Watu wazima wachukue vitambulisho. Miamba ya kando ya maji huteleza sana asubuhi kwa umande. Hakuna vizuizi vya kumzuia mtoto anayekimbia, hivyo sipeleki watoto wengi kuliko mikono ya watu wazima tuliyo nayo.

*Ziwa Ngozi* ni la watoto wa miaka 8 kwenda juu. Ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, juu ya safu ya Uporoto, na mnalifikia kwa kupanda kwa miguu ndani ya msitu, kwenye njia yenye mizizi na matope hata wakati wa kiangazi. Mara ya kwanza tulichelewa, tukafika ukingoni saa 9 alasiri. Ukungu ulikuwa umeshajaa shimo lote. Hatukuona hata tone la maji, na mwanangu wa pili vidole vilikuwa haviwezi kukunjika, nikavitia kwapani mwangu hadi vikapata joto. Mara ya pili tulianza kupanda saa 3, tukafika juu kabla ya saa 6, na ziwa lilikuwa pale chini, kijani kibichi, limetulia. Mwende Julai au Agosti, Juni mara nyingine bado kuna mvua upande ule. Chukueni mwongozaji wa kijijini. Mkae ukingoni mtazame. Mteremko wa kwenda majini si wa watoto.

Sasa *Matema*, ambayo kwangu ndiyo tiba ya kipupwe. Ziwa Nyasa liko kwenye urefu usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, yaani mnashuka zaidi ya mita 1,200 kutoka Mbeya. Mnapita Uyole, mnapanda Isongole penye ukungu, mnateremka Tukuyu kwenye chai na migomba, na kabla hamjafika mashamba ya mpunga na kakao ya Kyela kila mtu ameshavua sweta. Matema yenyewe iko kwenye kona ya ziwa chini ya milima ya Livingstone, ina mchanga mweupe, na watoto wanaingia majini Julai kama vile wako Tanga. Kama mnaweza, lalini usiku mmoja au miwili. Kwenda na kurudi siku moja ni mateso kwa mtoto. Wasafiri wa basi wapande kosta stendi ya Nane Nane, waondoke asubuhi.

Mambo mawili ya Matema yanataka umakini. Upepo wa kusi huinua mawimbi makubwa ziwani, mara nyingi kuanzia mchana, hivyo kuogelea kuwe asubuhi na mtu mzima awe ndani ya maji, siyo mchangani na simu. Na kaeni mbali na midomo ya mito, kwa sababu ya mamba. Waulizeni wavuvi, watawaonyesha mahali salama. Mkiangukia Jumamosi, tembeeni hadi soko la Lyulilo mkaone vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nilinunua kimoja, na hadi leo maharage ya kipupwe nayapikia humo.

*Kitulo* nawashauri msubiri. Hifadhi ile ya mwaka 2005 ina sifa ya maua, na maua huchanua tangu Desemba hadi Aprili. Juni na Julai, kwenye uwanda wa mita 2,600, mtapata upepo mkali na nyasi zilizokauka, na watoto watakumbuka baridi tu. Mwezi wa nane mna *maonyesho ya Nane Nane* uwanja wa John Mwakangale hapahapa mjini: ng'ombe, samaki, miche, trekta, na watoto wanatembea kutwa nzima juani. Nendeni siku za mwanzo, kabla umati haujajaa tarehe 8.

Kikapu cha safari

Siondoki bila chupa mbili za chai: moja ya uji, moja ya maji ya moto matupu. Soksi za ziada kwa kila mtoto, kwenye mfuko wa nailoni ili zisilowe. Fulana kavu ya kubadilisha wakishuka mlimani. Kanga mbili, maana kanga ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo. Mafuta ya mgando. Viazi vya kuchemsha bado vya moto, vimefungwa kwenye kitambaa. Mtoto anashika kimoja kila mkono kabla hajakila.

Mtoto mwenye mafua mepesi anaweza kutoka akiwa amevaa vizuri. Lakini akipumua harakaharaka, kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au mdogo akishindwa kunyonya, safari iahirishwe na apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo. Hizo ni dalili za nimonia, na hazingoji asubuhi.

Kurudi kutoka Matema au Kyela kuna jambo moja ambalo bibi jirani alinifundisha na sijaliacha. Pangeni kupita Isongole kabla jua halijazama, kwa kuwa ukungu wa jioni kwenye kona zile huficha hata lori lililo mbele yenu. Na mkifika Tukuyu simameni, hata kama watoto wamelala na wana joto. Waamsheni, wavisheni soksi, sweta na mzula palepale, kila mmoja anywe uji kidogo, kisha gari lianze kupanda.